MTEJA YUKO NG'AMBO? TAJA PESA ITAKAYOKUFIKIA, SIO ATAKAYOTUMA

Somo la leo ni la sisi tulioko Pemba ambao wateja wetu wengine wako Mombasa, Muscat na Ulaya. Mteja ameipenda bidhaa na pesa anayo, lakini njia ya kuifikisha kwako ndiyo inayokula faida. Mimi nauza mikoba ya ukili na kofia za mkono. Mama anayesuka hana habari na rate, anataka elfu zake kamili. Kwa hiyo kila kinachopotea njiani kinatoka mfukoni mwangu.

KWANZA TUELEWE: MIFUMO HAIUNGANI YENYEWE

Mnakumbuka zamani ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwengine? Haikuingia kwenye salio lake. Alipata meseji yenye namba ya siri, akaenda kuitoa kwa wakala wa mtandao wako wewe. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana pesa ziingie moja kwa moja, na 2016 Vodacom nao wakaingia. Mitambo peke yake haikutosha. Ilibidi wapatane nani anamlipa nani, makato ni ya nani, na pesa ikikwama nani anaitafuta.

Ukivuka mpaka linaongezeka jambo jengine: sarafu. Mwaka 2014 Tigo walianza kutuma kati ya Tanzania na Rwanda huku pesa ikibadilishwa njiani. Mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom ikaunganishwa na M-Pesa ya Safaricom ya Kenya. Wengi wanadhani M-Pesa ni moja. Jina ni moja, lakini ni kampuni mbili, nchi mbili na shilingi mbili tofauti.

Msidhani ni shida yetu tu. Ujerumani wana kadi yao ya girocard, Ufaransa wana Cartes Bancaires, na nchi zote mbili zinatumia euro. Hata hivyo kadi ya nyumbani peke yake haivuki, ndiyo maana benki huweka nembo ya pili kama Visa au Mastercard kwenye kadi hiyo hiyo. Mwaka 2007 mifumo kadhaa ya Ulaya iliunda umoja ulioitwa EAPS ili kadi zao zipokeane zenyewe kwa zenyewe, lakini haukudumu. Halafu kuanzia Julai 2023 Mastercard ikazuia kadi mpya za Maestro Ulaya, na benki zilizoitegemea kwa safari zikalazimika kutafuta nembo nyengine.

Ghuba nako ni hivyo hivyo. Mashine za benki za Oman zimeunganishwa na za majirani zake kupitia GCCNet. Muungano huo ni wa kwao, haufiki Chake Chake. Mteja wa Muscat akikwambia "nina kadi", muulize ina nembo gani.

HESABU INAVYOKUUMA

Huu ni mfano tu, sio rate ya leo. Mkoba unauza 60,000. Gharama zako pamoja na usafiri ni 52,000, faida 8,000. Mteja wa Mombasa anapiga hesabu ya shilingi 1 ya Kenya kwa 20 za kwetu, anatuma 3,000. Kampuni inabadilisha kwa 19, zinakufikia 57,000. Unatoa kwa wakala, tuseme makato 1,500, unabaki na 55,500. Faida imekuwa 3,500. Hakuna aliyekuibia, na mteja anaapa kuwa kalipa yote. Kweli kalipa yote, kwa hesabu yake.

CHA KUFANYA

1. Kabla ya kutaja bei, muulize yuko nchi gani na atatuma kwa njia gani.

2. Taja bei hivi: "Kwenye simu yangu ziingie shilingi 60,000 za Tanzania." Makato ya kutoa yaingize ndani ya bei mapema, usiyadai baadae. Mteja akishalipa, hapendi kuambiwa aongeze.

3. Rate hubadilika. Mwambie bei yako inasimama mpaka lini, leo au kesho.

4. Mwambie asome jina la mpokeaji na kiasi kitakachofika kabla ya kuthibitisha. Namba ikikosewa tarakimu moja, kuifuatilia nchi mbili ni kazi kubwa.

5. Skrinshoti sio malipo. Angalia salio lako mwenyewe ndipo mzigo uende bandarini. Boti ikishaondoka, huna tena cha kushika.

6. Andika kwenye daftari: tarehe, alichotuma, kilichofika, na namba ya muamala. Ukifikisha miamala kumi utajua kila njia inakukata kiasi gani, na utamshauri mteja kwa ushahidi.

7. Asiyekuwa na kadi inayovuka, mwambie atumie kampuni ya kutuma pesa ya huko aliko, inayofikisha kwenye simu au benki ya hapa. Apige hesabu ya makato na rate kwa pamoja. Wapo wanaotangaza makato madogo huku rate ikiwa mbaya.

Siku mifumo yote ikiungana vizuri, somo hili litapungua urefu. Kwa sasa fungua daftari lako, chukua mauzo matatu ya mwisho ya ng'ambo, uone kilichobaki mkononi. Ukiona faida imeliwa, bei mpya ianze na mteja ajae.