Histoni, Saratani na Mizani ya Molekuli

Katika seli ya mwanadamu yenye kiini, DNA ya takriban mita 2 huviringishwa juu ya protini ziitwazo histoni. Mkusanyiko huo ndio kromatini. Alama za kikemikali zilizo juu ya histoni husaidia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe.

Mwaka 2012 ilibainika kwamba katika uvimbe mkali wa shina la ubongo kwa watoto, lisini ya 27 ya histoni H3 mara nyingi hugeuka methionini. Badiliko hilo huzuia kimeng'enya EZH2, alama ya methili tatu hupungua mno, na jeni zilizopaswa kunyamaza huamka.

Alama hizo hupimwa kwa spektrometa ya masi, yaani mizani ya molekuli. Si kazi nyepesi: methili tatu huongeza daltoni 42.047, asetili moja 42.011, ilhali athari zake hukinzana. Mashine hafifu huzichanganya.

Hospitalini mtambo huo si wa lazima. Mpatholojia hutia kinyama rangi kwa kutumia kingamwili. Mzazi anayeombwa ridhaa ya kuchukuliwa kinyama ubongoni mwa mwanawe aelezwe basi kwamba jina la uvimbe hutegemea kipimo hicho, na vilevile fursa ya kupata dordaviproni, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2025 kwa uvimbe wenye badiliko hili unaoendelea kukua baada ya tiba.