Bomba la Dawa Lisilale na Upepo

Mkulima, ukimaliza kunyunyiza dawa, kazi bado. Ndani ya bomba mna upepo wenye nguvu na mabaki ya sumu. Ukifungua kifuniko kwa haraka, sumu hiyo huweza kukurukia machoni.

Fanya hivi siku ile ile, ungali umevaa glavu na buti:

1. Toa upepo wote polepole.

2. Suuza tangi mara tatu kwa maji safi. Kila mara yapitishe mpirani, uyanyunyize katika shamba lile lile. Usiyamwage mtoni.

3. Safisha ncha ya kunyunyizia kwa brashi laini. Usiipulize kwa kinywa wala kuizibua kwa msumari. Tundu likipanuka, dawa hupotea bure.

4. Ngozi iliyo ndani ya pampu itie mafuta kidogo isikauke.

5. Lining'inize bomba kichwa chini, kifuniko kikiwa wazi, katika chumba chenye kivuli na kufuli, mbali na watoto na chakula.

Bomba la dawa ya magugu liwe la kazi hiyo tu, nalo litiwe alama. Mabaki kidogo huweza kuunguza nyanya zako zote. Je, bomba lako lililala vipi jana?