Injini ya Stirling: Kutoka Jua la Ngerengere Hadi Angani

Adhuhuri ya kiangazi huko Ngerengere, mashariki ya mji wa Morogoro, bati la paa huunguza mkono, ilhali maji ya mto uteremkao kutoka milima ya Uluguru yana ubaridi. Tofauti ya joto ya namna hiyo ndiyo huiendesha injini ya Stirling, iliyobuniwa na mchungaji wa Uskoti, Robert Stirling, mwaka 1816.

Ndani ya injini hiyo hamna mlipuko. Gesi, mathalani heli, hufungiwa isitoke. Ikipashwa moto hutanuka na kusukuma pistoni. Ikipozwa hunywea, na pistoni hurudi. Mwendo huo huendesha jenereta. Joto laweza kutoka kwenye kuni, au kwenye kioo kikusanyacho miali ya jua.

Angani jua halifichwi na mawingu: kila mita mraba ilielekeayo hupokea wati 1,360 hivi. Taabu iko upande wa baridi. Ngerengere injini ingeweza kupozwa kwa maji au upepo, angani havipo. Joto lililobaki hutoka kwa mnururisho tu, kupitia mabapa mapana. Bapa jeusi lenye nyuzi 27 za Selsiasi hutoa wati 460 hivi kwa kila mita mraba. Likifikia nyuzi 127, hutoa 1,450 hivi.

Kwa hiyo bapa la moto zaidi laweza kuwa dogo, na ni jepesi kurusha. Lakini kuna gharama. Tuseme upande wa moto una nyuzi 627. Ongeza 273 kwa kila kipimo, kisha gawanya cha baridi kwa cha moto: 300 kwa 900, au 400 kwa 900. Sehemu hiyo ya joto haiwezi kugeuzwa kazi. Kikomo cha ufanisi hushuka kutoka asilimia 67 hadi 56.

Setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, ilitumia paneli za jua, ambazo hazina pistoni ya kuchakaa. Injini ikikwama angani, ni vigumu fundi kuifikia. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 wataalamu wa NASA walijaribu pistoni zinazoelea juu ya gesi bila kugusa kuta. Mwaka 2018, huko Nevada, Marekani, injini za Stirling zilizalisha umeme kwa joto la kinu kidogo cha nyuklia, kilichokusudiwa safari za mbali ambako jua ni hafifu.