Akiba Iliyo Chini ya Udongo

Nyantende ni nchi ya vilima, karibu na mji wa Bukavu. Kutoka mwezi wa sita hadi wa nane mvua hukoma. Majani ya vilimani hukauka, yakawa na rangi ya simba. Ndipo moto huonekana. Pengine mchungaji ameuwasha ili ng'ombe wake wapate majani mabichi. Pengine mkulima alikuwa akichoma takataka za shamba, upepo ukauchukua moto. Pengine watoto walikuwa wakiwinda panya. Usiku mstari wa moto hupanda kilima. Asubuhi kilima kizima ni cheusi.

Mtu akikitazama atasema: "Kilima hiki kimekufa." Lakini baada ya majuma machache, hata kabla ya mvua, vichipukizi vya kijani hutokea katikati ya majivu. Vimetoka wapi?

Shika jembe, uchimbe kidogo. Moto wa majani hupita upesi, na joto lake hupanda juu. Tena udongo haupitishi joto kwa urahisi. Juu, ndimi za moto huunguza kila kitu. Sentimeta tano chini, udongo hubaki baridi. Humo mimea imeficha akiba yake.

Kuna majani yenye manyoya meupe kama pamba, ambayo mkulima huyachukia. Shina lake hutambaa chini ya udongo, na ncha yake ni kali kama sindano. Moto huyakata kichwa tu. Kangaga nalo lina shina nene lililojificha chini, pengine nusu mita. Mwambangoma, mti wa maua mekundu, hujikinga kwa namna nyingine. Gome lake ni nene na jepesi kama kizibo cha chupa. Moto huligeuza jeusi, lakini ndani mti ni mzima.

Si mimea yote duniani iliyo na kinga kama hizi. Huko Marekani kuna jangwa liitwalo Mojave. Humo huota mti wa Yoshua, wenye matawi kama mikono iliyoinuliwa kuomba. Zamani moto haukuenea sana jangwani, kwa sababu kati ya mmea na mmea palikuwa na mchanga mtupu. Kisha majani ya kigeni yalijaza nafasi zile. Mwezi wa nane wa mwaka 2020 radi iliwasha moto, na miti ya Yoshua zaidi ya milioni moja ikateketea. Mti huo hukua sentimeta chache tu kwa mwaka.

Vilima vya Nyantende vimejaliwa kuliko jangwa lile. Lakini kila akiba ina mwisho. Kichipukizi cha kwanza hula chakula kilichowekwa mzizini. Kikikua, majani yake hupokea nuru ya jua, hutengeneza chakula kipya na kukirudisha mzizini. Lakini ng'ombe wakiletwa upesi, hukila kile kichipukizi. Mzizi hutoa kingine, nacho huliwa. Mwaka wa pili moto huja tena. Hivyo malisho mazuri hudhoofika, na mahali pake hushikwa na majani ya sindano na makangaga. Na kangaga ni sumu kwa ng'ombe.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Mwezi wa tisa mvua za kwanza hupiga kilima kilicho uchi. Majivu, ambayo yangekuwa mbolea, huteremka mtoni pamoja na udongo mzuri wa juu. Majani yaweza kurudi baada ya majuma machache, udongo haurudi. Sentimeta moja ya udongo huhitaji zaidi ya miaka mia moja kufanyika. Aliyewasha moto hupata majani mabichi ya mwezi mmoja. Watoto wake hurithi mawe.

Basi mtu mwenye akili hachomi kilima. Hufyeka majani na kuyatandaza shambani. Hupanda mistari ya matete kukingama mteremko, ili maji yasikimbie. Na kilima kikiungua kwa ajali, huzuia ng'ombe mpaka majani yakomae. Mungu alimweka Adamu bustanini awe mtunzaji, wala si mharibifu. Akiba iliyo chini ya udongo si ya mtu mmoja, wala si ya mwaka mmoja.

MASWALI
1. Kwa nini mizizi haiungui moto wa majani unapopita juu?
2. Mwambangoma hujikinga na moto namna gani?
3. Kwa nini si vema kuleta ng'ombe upesi juu ya kilima kilichoungua?
4. Taja kitu kinachorudi baada ya moto, na kitu kisichorudi.
5. Kazi ya mkono: pandeni mstari wa matete kukingama mteremko wa shamba la shule.