SOMO LA AFYA: NAMNA YA KUMWINUA NA KUMCHUKUA MAJERUHI



Somo letu la safari hii ni juu ya jambo ambalo wengi wetu tumewahi kulifanya, na aghalabu tumelifanya vibaya: kumwinua mtu aliyeumia na kumpeleka hospitali.

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa kijiji chetu alianguka kutoka juu ya mti alipokuwa akikata matawi. Tulikuwa vijana sita karibu naye. Tulimkimbilia, mmoja akamshika makwapani, mwingine magotini, tukamwinua akiwa amepinda katikati, tukamkalisha nyuma ya pikapu. Alipokuwa bado chini alilalamika kwamba miguu inamchoma. Tulipofika hospitali alikuwa haisikii kabisa. Mganga hakutuambia kama ubaya ule uliletwa na mti au na mikono yetu, wala sisi hatukuthubutu kuuliza. Mzee hakutembea tena. Ni kwa ajili yake nimeomba nafasi ya kuandika somo hili.

Sisi wa Njombe na Makambako tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Malori na mabasi hayalali. Ongeza pikipiki, ongeza vijana wanaopasua mbao na kupakia magogo, ongeza wanaopanda miti ya maparachichi wakati wa mavuno. Majeruhi wetu wa kwanza kumsaidia si mganga. Ni jirani, tena mwenye jembe mkononi.

Basi, jambo la kwanza ni kutomwinua. Najua linasikika kama ukatili. Lakini ukimkuta mtu amelala, jiulize kwanza: je, mahali hapa patamwua? Kama gari linawaka moto, kama yuko katikati ya lami na magari yanakuja, kama ukuta unataka kuanguka, mwondoe hima, na mambo ya mgongo yangoje. Kama lori la mafuta limepinduka, wote waondoke, wazima na majeruhi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, kwenye barabara kuu hii hii inayopita kwetu, lori la petroli lilianguka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Njia nyepesi ya kumwondoa mtu ukiwa peke yako ni kumkokota juu ya blanketi au koti, kichwa kikitangulia, ukivuta kwa mstari mmoja ulionyooka. Usimvute kwa mkono mmoja ubavuni.

Kama hakuna hatari hiyo, mwache alipo. Tazama kama anapumua. Panapotoka damu nyingi, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi. Mfunike, baridi yetu ya Juni na Julai humdhoofisha mtu aliyepoteza damu kuliko tunavyodhani, tena ardhi humpoza kuliko hewa, kwa hiyo blanketi la chini lina kazi kama la juu. Usimpe maji wala chai. Na aliyevaa helmeti, kama anapumua vizuri, mwache nayo.

Sasa tufikie kumwinua. Mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyegongwa na gari, hesabuni kwamba shingo na mgongo vimeumia mpaka mganga aseme sivyo. Ndani ya pingili za mgongo kuna uti, laini, nao ndio unaopeleka habari miguuni na mikononi. Pingili iliyovunjika ikiteleza, inaweza kuukata uti huo. Mfupa huungwa, uti uliokatika haurudi.

Kwa hiyo mtu mmoja apige magoti kichwani pa majeruhi, ashike kichwa kwa mikono miwili pande zote za masikio, akitulize. Huyu ndiye mkubwa wenu kwa saa hiyo, hata kama ni binti wa miaka 20 na ninyi ni wazee wa kanisa. Hatoki hapo, wala hakuna mwingine anayetoa amri. Watatu wapige magoti upande mmoja wa mwili: wa kwanza ashike bega na kiuno, wa pili nyonga na paja, wa tatu magoti na miguu. Wa tano akae upande wa pili na ubao, au mlango uliong'olewa, au blanketi lililokunjwa. Mwenye kichwa aseme, “Tayari? Geuza!” na wote wamgeuze kuja upande wao kwa pamoja, kama gogo linavyobingirika, pua na kitovu vikitazama upande mmoja daima. Wa tano asukume ubao chini yake. Kisha, “Tayari? Rudisha!” Mimi sipendi kuhesabu moja, mbili, tatu, kwa maana nimeona mara nyingi: nusu ya watu huinua kwenye tatu, nusu baada ya tatu, na mgonjwa ndiye anayelipa. Neno moja linatosha, mradi mmekubaliana kabla.

Mwinuaji naye ana mgongo. Panua miguu, piga goti, usipinde kiuno, mkaribishe majeruhi kifuani pako, uinuke kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usisokote kiuno.

Machela si lazima itoke hospitali. Miti miwili imara, mirefu kupita mtu, na blanketi moja vinatosha. Tandaza blanketi, weka mti wa kwanza kwenye theluthi ya upana wake, kunja blanketi juu yake; weka mti wa pili juu ya mkunjo huo, kisha lete upande uliobaki juu ya mti huo wa pili. Uzito wa mgonjwa mwenyewe utalibana. Magunia mawili ya viazi, ambayo hatukosi, yakitobolewa pembe za chini na kupitishwa miti, hufaa pia. Lakini kabla ya kumlaza mgonjwa, alale mzima mmoja mnene, mmwinue mkaone. Na aliyeumia mgongo hafai blanketi linalobonyea. Huyo ni wa ubao au mlango.

Wachukuzi wawe wanne, kama wale wa Injili ya Marko waliomshusha rafiki yao kupitia darini. Msiende kwa mwendo wa gwaride, maana machela itayumba. Kila mmoja aende kwa hatua yake. Kwenye tambarare miguu ya mgonjwa hutangulia, na walio nyuma humtazama uso. Mkipanda mlima, kichwa kitangulie, mkishuka, miguu. Wenzetu wa Milo, huko Ludewa iliko Hospitali ya Mtakatifu Luka, hawahitaji kufundishwa maana ya neno mlima.

Namna ya kumlaza nayo haiwi moja kwa wote. Aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, goti la juu likikunjwa mbele, kidevu kikiinuliwa kidogo, ili ulimi na matapishi visizibe koo. Hata mwenye mashaka ya shingo, akianza kutapika, mgeuzeni kwa njia ile ya gogo. Pumzi inatangulia mfupa. Aliye na fahamu na anayehema kwa shida hukaa ameegemea, msimlaze kwa nguvu. Aliyepungukiwa damu hulala chali, miguu ikiinuliwa kadiri ya sentimeta 30, ila kama mguu, nyonga au mgongo vimeumia. Mama mwenye mimba kubwa alale ubavu wa kushoto, kwa maana akilala chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, na mtoto mchanga, upo mpango wa serikali wa m-mama. Namba yake ni 115, hupigwa bila malipo.

Nimebakiza pikipiki. Twajua ilivyo: majeruhi anawekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimkumbatia, yaani mshikaki. Kwa mwenye kidole kilichokatika, sina neno. Lakini aliyezimia, kidevu chake huanguka kifuani na njia ya hewa hufungika, na kutoka Makambako hadi Njombe ni karibu kilometa 60. Anaweza kufa amekumbatiwa na anayempenda, naye asijue hadi wanaposimama. Afadhali kungoja nusu saa gari linaloweza kumlaza mtu, na wakati huo mkaendelea kushika kichwa, kukandamiza damu na kufunga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima, penye khanga katikati.

Kila mtaa ungeweza kulifanya zoezi hili baada ya ibada. Leteni miti miwili, blanketi, ubao, na watu sita. Mmoja alale chini, nanyi watano mmgeuze na kumwinua, kisha mpokezane mpaka kila mmoja awe amelala na kila mmoja awe ameshika kichwa. Yule aliyelala ana kinywa cha kuwaambia ni wapi mmemminya na ni nani aliyeinua mapema. Msikilizeni.