Kuyapa Majina Masharti na Faharasa za Kanzidata

Chukua majedwali mawili ya shule: wanafunzi na matokeo. Jedwali la matokeo lina safu ya alama, nayo ina sharti kwamba alama ziwe kati ya 0 na 100. Ukiandika sharti hilo bila kulipa jina, kanzidata haitalalamika. Italipa jina yenyewe, na kila mfumo una desturi yake.

PostgreSQL italiita matokeo_alama_check, jina linaloeleweka. MySQL italiita matokeo_chk_1. (Kabla ya toleo la 8.0.16, MySQL ilikuwa inalisoma sharti la CHECK kisha inalipuuza!) SQL Server huunga jina refu lenye herufi na tarakimu zisizokaririka mwishoni. Oracle hutoa kitu kama SYS_C0012345.

Sasa shule imeamua alama za juu ziwe 50. Ili ulifute sharti la zamani unahitaji jina lake:

ALTER TABLE matokeo DROP CONSTRAINT ck_matokeo_alama;

Kwenye Oracle, jina lililotungwa na kompyuta ya maabara haliwi lile la kompyuta ya ofisi, hivyo amri iliyofanya kazi maabara itakwama ofisini. Tena anayeingiza alama 105 ataambiwa amevunja SYS_C0012345. Atajuaje kosa liko wapi? Kwa hiyo taja jina mwenyewe unapounda jedwali:

CONSTRAINT ck_matokeo_alama CHECK (alama BETWEEN 0 AND 100)

Anza na kifupi cha aina: pk kwa ufunguo msingi, fk kwa ufunguo wa kigeni, uq kwa upekee, ck kwa sharti la thamani, ix kwa faharasa. Kisha jina la jedwali, kisha la safu. Vifupi hivi ni mazoea tu, si sheria ya SQL. Muhimu ni kutovibadilisha njiani. Usishangae MySQL ikiuita ufunguo msingi PRIMARY hata baada ya wewe kuupa jina lako.

Urefu nao una mipaka. Oracle ilikubali baiti 30 tu hadi toleo la 12.2 lilipoongeza hadi 128. PostgreSQL huishia baiti 63, MySQL herufi 64, SQL Server herufi 128. Ya kuogopwa zaidi ni PostgreSQL, kwa sababu haikatai jina refu: hulikata mkia na kukupa taarifa ndogo tu, na majina mawili yanayotofautiana mwishoni yanaweza kugeuka jina moja. Usivuke herufi 30, utakuwa salama kote.

Swali. Juma ameandika amri hizi katika MySQL, zote zikakubaliwa:

CREATE INDEX ix_jina ON wanafunzi (jina);
CREATE INDEX ix_jina ON walimu (jina);

Eleza kitakachotokea akizipeleka PostgreSQL, na umsaidie.

Jibu. Ya pili itakataliwa. Katika MySQL na SQL Server jina la faharasa halitakiwi kujirudia ndani ya jedwali moja. Katika PostgreSQL na Oracle halitakiwi kujirudia ndani ya skima nzima. Atumie ix_wanafunzi_jina na ix_walimu_jina. Tofauti hiyo huonekana pia wakati wa kufuta: MySQL hudai DROP INDEX ix_walimu_jina ON walimu, ilhali PostgreSQL hutosheka na DROP INDEX ix_walimu_jina, bila kutaja jedwali.