Shindano la Ushauri wa Biashara Chuoni: Maswali ya Wanafunzi na Majibu Yake

Nimekuwa mlezi wa timu za wanafunzi katika mashindano ya ushauri wa biashara, na mara nyingine nimekaa upande wa majaji. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Shindano la ushauri ni nini, na lina tofauti gani na Hult Prize?

Kampuni, ushirika au shirika la kijamii huleta tatizo lake halisi. Timu ya wanafunzi, kwa kawaida watatu hadi watano, hulichunguza kwa siku chache au wiki kadhaa, kisha hutoa mapendekezo mbele ya majaji. Hult Prize, shindano lililoanza mwaka 2009 na kujulikana kwa zawadi yake ya dola milioni 1, huwataka wanafunzi wabuni biashara yao wenyewe. Kwenye ushauri unashughulikia riziki ya mtu mwingine. Ukimshauri vibaya, hasara ni yake. Kwa hiyo ushauri unadai uangalifu kuliko ubunifu.

Nasoma kilimo. Je, haya si mambo ya watu wa biashara?

Ingia bila wasiwasi. Timu ya wahasibu watupu itapiga hesabu safi juu ya mambo isiyoyajua. Timu nzuri ina mtu wa hesabu, mtu anayeielewa sekta ya mteja, mwandishi mzuri, na mmoja asiyeona haya kuuliza. Siku ya kwanza gawaneni kazi na kuandika nani atamaliza nini, lini. Mwenzenu akianza kukosa vikao, mwambieni mapema, tena ana kwa ana. Timu ambayo mtu mmoja amefanya kazi ya wote hujulikana mara tu majaji wanapoanza kuuliza.

Tumekabidhiwa tatizo la mteja. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kulichunguza swali lenyewe, kwa sababu mara nyingi mteja huleta dalili akidhani ndiyo ugonjwa. Tuseme mwenye kiwanda kidogo cha maziwa anataka mpango wa kutangaza bidhaa zake. Kiwanda kinaweza kusindika lita 10,000 kwa siku, lakini kinasindika 4,000 tu. Kabla ya kufikiria tangazo, pitieni madukani. Kama mtindi wake huisha kabla ya jioni, wanunuzi anao. Anachokosa ni maziwa.

Sasa ichambueni hiyo 4,000: ni wafugaji 500, kila mmoja lita 8. Nendeni alfajiri kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mkae karibu na karani anayepokea. Mtaona laktomita ikitumbukizwa kujua kama maziwa yametiwa maji, mtaona yakipimwa kwa spiriti kujua kama yameanza kuharibika, na mtaona mfugaji akirudi nyumbani na ndoo iliyokataliwa. Muulizeni maziwa ya jioni huyapeleka wapi. Akisema hana pa kuyapoza hadi asubuhi, kwa hiyo huwauzia majirani kwa bei yoyote, kiini cha tatizo mmekipata. Kama kila mfugaji hubaki na lita 4 za jioni, hizo ni lita 2,000 kwa siku. Hapo ndipo mnalinganisha gharama ya tangi la kupozea, umeme na usafiri wa jioni na faida ya lita hizo. Mteja aliyeomba tangazo atapata jibu la shida yake.

Wasilisho letu litakuwa kwa Kiingereza. Mahojiano je?

Hojini kwa lugha ambayo anayehojiwa hutumia kila siku. Mkifika kwa mama mfugaji, mpeni shikamoo, semeni mmetoka chuo gani na mnatafuta nini, kisha ombeni ruhusa ya kuandika. Msikimbilie kuuliza kipato chake, atawadhania watu wa kodi. Ulizeni kwanza habari za ng'ombe, malisho na bei ya pumba, na hesabu itajitokeza yenyewe. Pia, namba za mteja ni siri yake. Zisionekane kwenye makundi ya WhatsApp.

Majaji huangalia nini hasa?

Barbara Minto, aliyeajiriwa na kampuni ya ushauri ya McKinsey mwaka 1963, alijulikana kwa kufundisha kanuni moja: toa jibu kwanza, sababu zifuate. Ifuateni. Wanafunzi wengi humaliza nusu ya muda wao wakisimulia historia ya kampuni mbele ya mwenye kampuni. Slaidi ya kwanza iseme mteja afanye nini, itamgharimu kiasi gani na atapata nini. Kisha onyesheni ushahidi, hatari zilizopo, na kazi ya miezi mitatu ya mwanzo.

Ushindi mara nyingi huamuliwa kwenye maswali. Jaji akiuliza, "Umeme ukikatika je?", awepo mmoja wenu aliyekwisha kuweka gharama ya jenereta kwenye hesabu. Msilolijua, kirini hamlijui na mseme mtalipataje. Kubahatisha kunaharibu hata yale mliyoyapatia.

Tusiposhinda, tutakuwa tumepoteza muda?

Hapana. Mtakuwa mmejifunza kumsikiliza mteja, kutetea namba zenu na kufanya kazi na watu msiowachagua. Mwajiri atawauliza hayo kwenye usaili, nanyi mtakuwa na mfano halisi wa kumpa. Ombi langu ni moja: baada ya shindano, hata kama hamkushika nafasi yoyote, mpelekeeni mteja ripoti iliyosahihishwa na mwende mkawaeleze matokeo wale wafugaji waliowapa muda wao. Shindano ni la majaji. Ushauri ni wa mteja.